Laki sita kwa vyumba viwili Sinza: dalali anasema mita 80, tepu inasema 58

"Nahamishiwa Dar kikazi kutoka Mwanza mwezi wa nane, mimi, mke wangu na watoto wawili, wa miaka 4 na 9. Ofisi iko Ubungo. Dalali amenipatia nyumba mbili Sinza. Ya kwanza ni apatimenti ghorofa ya tatu, vyumba viwili, kimoja masta, choo kingine cha wote. Kodi 600,000 kwa mwezi, ya huduma 50,000, mita yake ya umeme (LUKU). Anasema ina mita za mraba 80. Ya pili iko chini, ndani ya uwanja wa mwenye nyumba: vyumba viwili, choo kimoja, 450,000, LUKU mnachangia kaya nne. Zote miezi sita mbele, na dalali anataka kodi ya mwezi mmoja. Mdogo wangu alikwenda na tepu akanitumia vipimo: ya kwanza amepata mita 58, ya pili 52. Je, nimedanganywa? Na inakuwaje tofauti ya mita sita iwe laki moja na nusu kila mwezi? Mama yangu hukaa nasi miezi kadhaa kila mwaka na magoti yanamsumbua. Mke wangu anataka ya ghorofani."

Ndugu yangu, pole kwa kazi ya kutafuta nyumba Dar ukiwa Mwanza. Umefanya jambo moja la maana ambalo wapangaji wengi hawalifanyi: umempeleka mtu na tepu. Wengi huenda na macho tu, na macho kwenye nyumba tupu iliyopigwa rangi nyeupe hudanganya. Chumba kisicho na kitanda huonekana ukumbi.

Nianze na linalokuuma. Namba 80 huenda si uongo. Uongo uko katika maana aliyotaka uielewe.

Chukua vipimo alivyokutumia mdogo wako. Sebule 4.5 kwa 4, mita 18. Masta 3.6 kwa 3.6, karibu 13. Chumba cha watoto 3 kwa 3, mita 9. Jiko mita 7.5, vyoo viwili kwa pamoja 6, korido karibu 5. Jumla 58 na ushee. Hiyo ni sakafu unayoweza kuikanyaga. Sasa ongeza kuta. Tofali la inchi 6 likishapigwa lipu pande zote mbili linakuwa ukuta wa sentimita 18 hivi. Nyumba ya ukubwa huo ina kuta za nje za mita 34 hivi kwa urefu, na za ndani labda 25. Zidisha, unapata mita za mraba karibu 11 ambazo ni tofali tupu. Kibaraza kile kidogo cha kuanikia nguo ni mita 3.6. Tumefika 73. Saba zinazobaki, nina hakika kwa uzoefu wa kazi yangu ya uthamini, ni fungu lako la ngazi na korido ya pamoja.

Aliyejenga amelipia yote hayo, kwa hiyo ukimuuliza ukubwa wa nyumba yake atakutajia 80 bila kupepesa macho. Mchoraji wa ramani naye atakutajia namba hiyo. Lakini kitanda chako hakitalala ndani ya ukuta, na sofa huwezi kuliweka kwenye ngazi. Kwa mpangaji, kipimo chenye maana ni kimoja: ndani ya kuta, chumba kwa chumba. Na ukilinganisha nyumba mbili, zipimwe kwa namna moja na mtu mmoja. Ndiyo maana 58 na 52 za mdogo wako zina thamani kuliko 80 ya dalali, hata kama tepu yake ilipinda kidogo mahali.

Tena usiishie kwenye jumla. Chumba cha watoto cha mita 3 kwa 3, ukiweka kitanda cha futi 5 kwa 6 na kabati la kina cha sentimita 60, kinabaki na njia ya kupita na basi. Ukiweka kitanda cha deka, sakafu inabaki wazi na yule wa miaka 9 anapata pa kuweka meza ya kusomea. Nyumba ya pili ina chumba kidogo cha 3.3 kwa 3, karibu mita 10, na kikubwa cha 3.6 kwa 3.3. Kwa hiyo mita sita unazoziona zimezidi kwenye apatimenti haziko vyumbani kwa watoto wala kwa mama. Ziko kwenye choo cha pili, korido na sebule.

Hapo tunafika kwenye swali lako la pili. Dhana kwamba kodi inafuata ukubwa ni ya kawaida, na kwa mji kama Dar ni nusu ya ukweli tu. Sehemu kubwa ya kodi ni ya mahali. Sinza ilipimwa viwanja miaka ya 1970, pamoja na Kijitonyama na Mikocheni, katika mradi wa viwanja na huduma uliokopewa fedha na Benki ya Dunia. Barabara zilichorwa kabla ya nyumba. Leo gari la taka, la zimamoto au la kuhamisha vyombo linafika karibu kila mlango. Toka hapo uingie Manzese, ambako watu walijenga kwanza na mipango ikaja baadaye, uone tofauti: kuna nyumba nzuri tu ambazo vyombo vyake vilibebwa kichwani kutoka barabarani. Ongeza maduka ya Mlimani City na Chuo Kikuu kwa upande mmoja, kituo cha mabasi ya mwendokasi cha Shekilango kwa upande mwingine, na mtu yeyote mwenye kazi Ubungo, Mwenge au Mjini anapataka hapo. Anayelipia Sinza anaanza kwa kulipia hiyo barabara, ndipo alipie chumba.

Lakini viwanja vile vilikatwa kwa ajili ya nyumba ya kawaida ya familia moja. Mwenye kiwanja anayetaka kodi nyingi zaidi leo hana pa kutanuka, anabomoa na kupanda juu. Ndiyo maana ghorofa za Sinza zimebanana, na dirisha la chumba mara nyingi linatazama ukuta wa jirani kwa mita moja na nusu. Muulize mdogo wako: saa sita mchana, taa zikiwa zimezimwa, anaweza kusoma gazeti katika chumba cha watoto? Kama hawezi, umeme wa taa na feni utakuwa sehemu ya kodi yako hata kama mkataba hausemi. Na kama ghorofa ya tatu ndiyo ya mwisho chini ya bati, joto la Januari litakusalimia. Kwa haki, nyumba ya juu kabisa isiyo na lifti ingepaswa kuwa na bei ya chini kuliko ya ghorofa ya kwanza katika jengo hilohilo. Uliza ya chini yake inapangishwa kwa ngapi. Jibu la swali hilo ni silaha yako ya kwanza kwenye mazungumzo.

Sasa tuhesabu pesa yenyewe, maana bei ya kwa mwezi inaficha mengi. Apatimenti: miezi sita ya kodi ni 3,600,000, huduma 300,000, dalali 600,000. Unatoa 4,500,000 siku moja. Ukikaa miezi sita tu, umeishi kwa 750,000 kwa mwezi, si 600,000. Ukikaa mwaka, dalali hulipwi tena, na gharama inashuka hadi 700,000. Ya chini: 2,700,000 na dalali 450,000, jumla 3,150,000. Kwa hiyo tofauti ya siku ya kwanza ni 1,350,000, na kwa familia inayohama na watoto wanaobadilisha shule, hiyo ni sare, ada na mafuta ya lori la vyombo kutoka Mwanza.

Miezi sita mbele inawaudhi watu, na wengi huniuliza kama ni halali. Hakuna sheria inayomkataza mwenye nyumba kuomba, na hakuna inayokulazimisha kukubali. Sheria ya zamani ya kudhibiti kodi za pango ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo kiasi na namna ya kulipa ni mapatano. Sababu yake si roho mbaya. Wengi wa hawa wenye nyumba hawakujenga kwa mkopo wa benki, kwa kuwa riba ya mikopo ya nyumba hapa ni mzigo. Walijenga kwa akiba, na ghorofa ya pili ilijengwa kwa kodi ya ghorofa ya kwanza. Milioni tatu kwa mkupuo ni nondo na saruji. Laki sita kila mwezi inaishia sokoni. Halafu hana namna ya kujua kama wewe ni mlipaji. Mtu akigoma kulipa, kumtoa kunachukua muda, hivyo miezi sita ni dhamana yake pia.

Ukishajua anachokiogopa, unajua cha kumpa. Barua ya mwajiri inayoonyesha umehamishiwa Dar, na maneno mazuri kutoka kwa mwenye nyumba wako wa Mwanza, vinapunguza woga. Omba miezi mitatu mitatu. Akikataa, omba miezi sita lakini kwa bei ya chini. Usifanye lile kosa la kulipa mwaka mzima kwa bei ileile ya mwezi. Pesa ya mwaka mbele ni mkopo unaompa, na mkopo una thamani. Mwambie mdogo wako aangalie pia dalili za nyumba iliyokaa tupu: vumbi kwenye sinki, mita ya LUKU isiyo na uniti, kibao cha "inapangishwa" kilichopauka jua. Nyumba ya laki sita ikikaa tupu miezi miwili, mwenyewe amepoteza milioni moja na laki mbili. Mwenye nyumba wa namna hiyo atasikiliza 530,000.

Kuhusu dalali, nisiwaseme vibaya wote, wapo wanaojua mtaa kuliko ofisi ya mtaa. Ila elewa malipo yake yanavyomvuta. Analipwa na wewe, lakini kwa kipimo cha kodi ya mwenye nyumba: kodi ikipanda, naye amepanda. Hana sababu ya kukupigania bei. Tena wapo wanaoweka cha juu, mwenye nyumba anataka 520,000, wewe unaambiwa 600,000, na tofauti inaishia njiani. Dawa yake ni kukaa na mwenye nyumba mwenyewe, ana kwa ana au mdogo wako akiwa pale na simu ya video, na bei kutajwa kwa kinywa chake kabla shilingi yoyote haijatoka. Omba kuona ankara ya maji ya DAWASA yenye jina lake, kisha pita ofisi ya serikali ya mtaa uulize kama nyumba hiyo ni ya mtu huyo. Wanaopangishiwa nyumba moja watu watatu kwa siku moja huwa hawakufanya hivyo. Na kama dalali akikuletea nyingine yenye bei ya dola, usihangaike nayo: kanuni za mwaka 2025 zimepiga marufuku kutaja bei kwa fedha za kigeni kwa biashara za ndani.

LUKU ya kaya nne inahitaji hesabu yake. Uniti moja kwa tarifa ya kawaida ni shilingi 292, ukijumlisha VAT na tozo inafika kama 356. Tuseme uwanja mzima unatumia uniti 480 kwa mwezi. Jirani mwenye kiyoyozi na friji mbili ametumia 260, ninyi 80, wengine wawili 70 kila mmoja. Mkigawana sawa, kila kaya inatoa kama 42,700. Stahili yenu ilikuwa 28,500. Yaani shilingi 14,000 zenu kila mwezi zinapoza chumba cha jirani. Si pesa ya kukimbiza mtu, bado nyumba ya chini inabaki nafuu sana. Kinachovunja watu ni ugomvi: nani kanunua mara ya mwisho, nani yuko gizani kwa sababu nani amesafiri. Omba mwenye nyumba aruhusu mita ndogo ya ndani kwa upande wenu, fundi umeme mwenye leseni aifunge, na muandikiane kwamba utalipa kwa usomaji wake. Gharama ya mita inaweza kukatwa kwenye kodi ikiwa mtakubaliana.

Kuna kitu kingine kwenye LUKU kinachowasumbua wapangaji. Tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa humo, na tangu 2023 ni shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 7,500 kwa kila ghorofa kwa majengo ya ghorofa. Hiyo ni kodi ya mwenye jengo. Lugha yetu imetupa neno moja, kodi, kwa pango na kwa serikali, na wenye nyumba wengine wanafaidi utata huo vizuri sana. Mpangaji anayenunua umeme anamlipia mwenye nyumba, na ana haki ya kurudishiwa au kukatiwa kwenye pango. Liandikwe kwenye mkataba.

Sasa, ipi? Mke wako ana hoja. Choo cha masta kwa watu watano asubuhi ya shule si anasa, na LUKU yenu wenyewe ni amani. Hiyo 50,000 ya huduma nayo si ya kubeza kama kweli kuna mlinzi usiku, tanki kubwa na gari la taka. Ila ataje kwa maandishi inalipia nini. Lakini mama mwenye magoti, ghorofa ya tatu bila lifti, miezi kadhaa kila mwaka? Nimeona wazee wanaofikishwa juu siku ya kwanza wakashuka siku ya kuondoka. Kibaraza cha mita 3.6 ndicho kinakuwa dunia yao. Kwa familia yako mimi ningechukua ya chini, kwa masharti mawili: mita ndogo ya umeme, na mdogo wako athibitishe kwa majirani kwamba maji hayaingii masika. Mto Ng'ombe unapita maeneo hayo na baadhi ya mitaa ya Sinza inajua ladha yake. Akione kimo cha alama za maji kwenye ukuta wa nje, rangi mpya ya futi mbili za chini peke yake ni jibu tosha.

Kama masharti hayo hayawezekani, fikiria Kimara kabla ya kurudi kwenye laki sita. Mwendokasi unatoka huko hadi Ubungo moja kwa moja, na kwa 450,000 mara nyingi utapata nyumba ya chini yenye uwanja wake. Utalipa kwa muda wa foleni ya kituoni asubuhi, na kwa baba anayetaka kuwaona watoto kabla hawajalala hilo lina bei yake. Ndiyo maana nimeiweka ya tatu.

Mkataba uwe wa maandishi hata kama mwenye nyumba anasema ninyi ni ndugu. Sheria ya Ardhi, Na. 4 ya 1999, inamtaka anayepangisha sehemu ya jengo atunze paa, kuta kuu na maeneo ya pamoja, na akuache ukae kwa utulivu. Hizo haki unazo hata zisipoandikwa, lakini zikiandikwa mnabishana kidogo. Muandikiane notisi ya kuhama, nani anatengeneza nini, na pesa ya miezi uliyolipa inarudije akitaka nyumba yake mapema. Ushuru wa stempu ni asilimia 1 ya kodi ya mwaka. Kwa 450,000 kwa mwezi ni 54,000. Watu wanaukwepa, kisha siku ya kesi mkataba wao haupokelewi kama ushahidi. Ukilipa zaidi ya miezi sita kwa mpigo, au ukiona mwenye nyumba si aliyeandikwa kwenye hati, mpelekee wakili mkataba kabla ya kusaini, si baada. Mkishindwana mkiwa ndani, serikali ya mtaa kwanza, kisha Baraza la Kata kwa usuluhishi, na likishindwa, Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mtu akikubadilishia kufuli mkiwa kazini, hapo usisubiri usuluhishi. Nenda polisi na kwa wakili siku hiyohiyo.

Kabla ya yote hayo, mrudishe mdogo wako mara mbili. Kwanza Jumamosi saa nne usiku, asimame katika kila chumba cha nyumba zote mbili, maana Sinza ina baa nyingi na hakuna tepu ya kupimia muziki. Kisha siku ya kazi saa kumi na mbili asubuhi, wakati jengo zima linaoga, afungue bomba la ghorofa ya tatu na akurekodie maji yanavyotoka.